Mzee Hakuwa na Tatizo la Macho

Kwa karibu mwaka mzima mwendeshaji wetu wa mashine ya kuchapisha, ambaye dukani sote tunamwita Mzee ingawa hajatimiza miaka sitini, alifanya kazi kichwa chake kikiwa ndani ya boksi. Lilikuwa boksi la kawaida la rimu tano za karatasi za A4. Alilikata upande mmoja kwa kisu cha kukatia karatasi, akakivika kioo cha mashine kama kofia, na kila alipotaka kuchagua trei au kuingiza idadi ya nakala aliinama, akaingiza uso humo, akabonyeza, akatoka. Wateja wenye umri wa kutosha walimtania kwamba amerudia kazi ya wapiga picha wa zamani, wale waliojifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera. Yeye alicheka nao. Mimi nilimpeleka kupima macho.

Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya makala hii inahusu nyaya, volti na vipande vya taa, na sipendi msomaji adhani kwamba huko ndiko kulikokuwa na ugumu. Kazi yenyewe ilichukua alasiri mbili. Kilichochukua mwaka ni kutambua kwamba kuna kazi ya kufanywa, maana giza lile halikupiga hodi. Kioo cha Jumanne kilikuwa kama cha Jumatatu, na hakuna siku hata moja ambayo yeyote kati yetu angeweza kusimama na kusema kwamba leo kimefifia. Aliyeonekana kubadilika ni Mzee: aliyekuwa mwepesi akawa mzito, aliyekuwa hakosei akaanza kukosea, na kwa kuwa mashine haina mvi na yeye anazo, lawama zilijua zenyewe mahali pa kwenda.

Duka letu lipo Kariakoo, chini ya jengo linalotazama barabara, na milango yake huwa wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Tunachapisha kadi za mchango na za mwaliko wa harusi, vipeperushi, vyeti vya semina, kalenda ifikapo Novemba, na ripoti za taasisi ambazo kila mara huhitajika kesho. Mashine kubwa ni ya kidijitali, ya rangi, inayotumia tona, na iliingia nchini ikiwa imeshafanya kazi Ulaya kwa miaka kadhaa, kama zilivyo nyingi katika mitaa ile. Jina la kampuni iliyoiunda naliacha. Taa iliyozeeka haiwezi kuhesabiwa kuwa kosa la kiwanda. Kioo chake ni cha mguso, cha inchi 10.4, kilichofungwa kwenye mkono unaozunguka upande wa kulia, na karibu kila jambo ambalo mashine inaweza kufanya huamriwa hapo. Hakuna vitufe vingine zaidi ya cha kuanza, cha kusimamisha na cha kuwasha.

Daktari wa macho alimwandikia Mzee miwani ya kusomea, jambo ambalo kwa umri wake halikuwa la ajabu. Akaivaa. Gazeti akalisoma vizuri zaidi, na boksi likabaki palepale.

Kilichonizindua ni kadi 400 za mwaliko. Ziliagizwa kwenye karatasi ngumu ya gramu 300 kwa mita ya mraba, zenye kukunjwa katikati, na katibu wa kamati ya harusi, mama mmoja mpole sana, alikuja kuzichukua mwenyewe. Alifungua ya kwanza, akaisifu, kisha akapitisha kidole gumba juu ya jina la bibi harusi kama mtu anayefuta vumbi. Jina likabaki kwenye kidole. Alikitazama kidole, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hili jina tumelihangaikia miaka minne." Sikuwa na la kujibu. Tulizichapisha upya usiku ule kwa gharama yetu, na kadi za kwanza ziko stoo hadi leo, tunazitumia kuwekea vipimo vya mashine ya kukatia.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, nieleze kilichotokea. Mashine ya tona haitumii wino wa maji unaokauka. Inapanga unga mwembamba wa rangi juu ya karatasi, kisha karatasi hupita kati ya roli zenye joto na mgandamizo, sehemu ambayo mafundi huiita fyuza, na hapo unga huyeyuka na kushika. Karatasi nyembamba ya gramu 80 hupata joto upesi. Kadi ya gramu 300 hunywa joto jingi kabla tona haijayeyuka, kwa hiyo mashine ikishaelezwa kwamba imepewa kadi ngumu hupunguza mwendo na hurekebisha joto ili kila kitu kishike. Isipoelezwa, huipitisha kadi kwa mwendo wa karatasi ya kawaida. Rangi hutoka nzuri, imenyooka, inang'aa, ila imekaa juu tu kama poda usoni. Kwenye mkunjo hupasuka kwanza, na palipobaki hungoja kidole.

Maelezo hayo ya uzito hutolewa kwenye kioo, katika orodha ya mistari saba iliyobanana, ambapo mstari uliochaguliwa hutofautishwa na mingine kwa rangi ya samawati iliyopauka dhidi ya kijivu. Nilikwenda kuitazama orodha hiyo asubuhi iliyofuata nikiwa na nia ya kumwonyesha Mzee kosa lake. Niliinama, nikaweka uso ndani ya boksi lake, nikatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Samawati na kijivu vilikuwa kitu kimoja. Mimi nina miaka thelathini na nane na sivai miwani.

Hata hapo sikuelewa yote. Nilidhani kioo kinakufa. Jioni ya siku chache baadaye umeme ulikatika, tukawasha jenereta, ambalo kwetu hulisha soketi za mashine tu na si taa za darini, na mashine ikaamka katika chumba ambacho kilikuwa giza isipokuwa mwanga hafifu uliotoka barabarani. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale. Nikasoma kila neno. Samawati ilikuwa samawati, kijivu kilikuwa kijivu, herufi zilikuwa kali kana kwamba zimechapwa. Mzee, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti chake akisubiri, alisema bila kugeuka, "Ndiyo maana mimi huzima ile taa ya juu, dada. Nyinyi mnadhani nabana matumizi."

Kioo cha aina hii, yaani LCD, hakina mwanga wake chenyewe. Kina nukta 800 kwa 600, jumla 480,000, na kila nukta ina vijidirisha vitatu, chekundu, kijani na bluu. Ndani ya kila kijidirisha mna kimiminika chenye tabia ya fuwele ambacho hujipinda au kujinyoosha kinapopewa volti ndogo, kikapitisha mwanga au kikauzuia. Tabia hiyo iligunduliwa mwaka 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria aliyekuwa akichunguza kemikali zinazopatikana kwenye karoti, na nakiri kwamba nilifurahi kujua kwamba kioo cha mashine yangu kina nasaba na shamba la mboga. Lakini madirisha ni madirisha. Ukiwa na nyumba yenye madirisha mazuri ya kila rangi na nje ni usiku, ndani hutaona kitu. Mwanga lazima utoke nyuma, na nyuma ya kioo chetu kulikuwa na taa iliyochoka.

Taa yenyewe, katika vioo vya umri ule, ni mrija mwembamba wa kioo kama kijiti cha kunywea juisi ya pakiti, wa ukoo mmoja na taa ndefu za darini. Ndani yake mna mvuke kidogo wa zebaki. Umeme ukipita, zebaki hutoa mionzi isiyoonekana, mionzi hugonga unga uliopakwa kwenye kuta za mrija, na unga ndio unaotoa mwanga mweupe. Kadiri saa zinavyopita, zebaki hupungua nguvu, unga huchakaa, ncha za mrija huingia weusi. Watengenezaji hawasemi kwamba taa hiyo itaungua siku fulani. Maisha yake huhesabiwa kwa saa hadi mwanga ubaki nusu ya ule wa mwanzo, na kwa mirija mingi hesabu hiyo ni kati ya saa 25,000 na 50,000. Sisi tunafungua saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni saa 3,744 kwa mwaka, na mashine ipo kwetu mwaka wa sita, yaani zaidi ya saa 22,000 ukiacha miaka yake ya Ulaya. Juu ya hayo, kipengele cha kulala, kile kinachozima kioo mashine isipotumika, tulikuwa tumekisogeza hadi mwisho kwa sababu Mzee hapendi kungoja fyuza ipate moto kila mteja anapoingia. Taa ile ilikuwa haijawahi kupumzika mchana hata siku moja.

Niliyemwendea kwanza ni muuzaji wa spea za mashine hizi. Jibu lake lilikuwa fupi: hakibadilishwi kioo, inabadilishwa paneli nzima pamoja na mkono na kadi yake ya umeme, kwa oda ya nje, kwa dola. Bei aliyonitajia ingetosha kununua mashine ya kukatia karatasi. Kijana mmoja wa Mtaa wa Aggrey, kule kwenye mafundi wa simu, alitazama picha niliyoipiga na kuniambia kwamba ni "tachi imechoka," kauli ambayo kwa mafundi wa simu hujibu karibu kila swali. Hatimaye nikaelekezwa kwa fundi wa televisheni na vioo vya kompyuta, naye akaja dukani na begi moja dogo. Alimwamkia Mzee, "Shikamoo," akapokea marahaba yake, kisha akafanya jambo ambalo sote tungeweza kulifanya: alitoa boksi, akawasha tochi ya simu, akaielekeza kwenye kioo kutoka pembeni. Pale tochi ilipopiga, maandishi yalionekana wazi.

"Picha ipo, mwanga ndio haupo," alisema. "Mzee wangu, umekuwa ukisoma gizani."

Mzee hakusema kitu, ila alinitazama.

Kabla ya kufungua chochote fundi aliuliza kama tumeangalia kiwango cha mwanga kwenye mipangilio. Tulikuwa tumeangalia, kilikuwa juu kabisa tangu zamani. Kisha akapitisha ukucha kwenye ukingo wa kioo na kuinua kitu ambacho nilikuwa nimekisahau, plastiki ya laminesheni tuliyoibandika wenyewe miaka minne nyuma ili vidole vyenye tona visichafue. Ilikuwa imekuwa ya manjano na imekwaruzika katikati, pale panapobonyezwa zaidi, hadi ikawa kama kioo cha bafuni. Kuitoa tu kulirudisha mwanga ambao kila mtu aliuona. Naona aibu kidogo kuandika kwamba sehemu ya ugonjwa tuliibandika kwa mikono yetu.

Chini ya plastiki ile kulikuwa na tachi yenyewe, na hapa inafaa kutofautisha, kwa sababu wengi huichanganya na kioo. Tachi za simu za leo huhisi umeme wa ngozi. Ya mashine yetu ni ya kizamani, ya kubonyeza: tabaka mbili zenye upako unaopitisha umeme, zikitenganishwa na vijinukta visivyoonekana, na unapobonyeza tabaka la juu hugusana na la chini, mashine ikapima volti na kujua umegusa wapi. Uzuri wake ni kwamba inakubali ukucha, glovu, hata ncha ya kalamu iliyofungwa, mambo ambayo kwenye karakana ni ya kila saa. Ubaya wake ni kwamba tabaka hizo hula sehemu ya mwanga, takriban moja ya tano, hata zikiwa mpya. Fundi alipendekeza tuiache kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi, na nilikubaliana naye. Kitu kinachofanya kazi ndani ya mashine ya zamani kina heshima yake.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kubadilisha kioo chote kwa kingine cha kisasa chenye taa za LED, na tulilijaribu. Alikuja na kioo cha inchi 10.4, nukta 800 kwa 600, chenye pini 20 na kinachopokea picha kwa mfumo uleule wa LVDS, ambao hupeleka kila ishara kwa jozi ya nyaya ili isivurugwe na kelele za umeme za mota. Kwa karatasi vilikuwa ndugu. Alipokiunganisha picha ilitoka, lakini rangi zilikuwa zimegawanyika matabaka, kijivu kikiwa na mistari ya waridi, kama bango lililochapwa kwa sahani zilizopishana. Kioo kipya kilikuwa kinasubiri biti nane, yaani tarakimu nane za sifuri na moja, kwa kila rangi na mashine ilikuwa inatuma sita. Kuna pini moja ya kuchagua hilo. Fundi aliibadilisha, rangi zikatulia.

Kisha akaunganisha taa. Kioo kile kilikuwa cha niti 1,000, na niti ndicho kipimo cha mwanga wa kioo, kandela moja kwa kila mita ya mraba. Kioo cha kawaida cha kompyuta ya ofisini kina 250 au 300. Kilipowaka, Mzee alifumba macho na kurudi nyuma hatua moja. Sekunde chache baadaye mashine nzima ilijizima na kuanza upya, kwa sababu njia ya volti 12 iliyokuwa ikilisha taa ndogo ya zamani haikuweza kubeba mzigo huo. Fundi alikuwa tayari kuleta chanzo kingine cha umeme, kukifunga nyuma ya mkono na kupitisha waya. Nilikataa, na hadi sasa nadhani nilikuwa sahihi. Vioo vya niti 1,000 hutengenezwa kwa ajili ya juani, vituo vya mafuta na vibanda vya tiketi. Hutoa joto, na kuweka joto la ziada ndani ya boksi la plastiki lililozibwa, katika chumba cha Dar es Salaam kilicho karibu na fyuza, ni kutafuta ugonjwa mwingine. Mzee alihitaji kutofautisha samawati na kijivu akiwa ameketi kivulini. Kioo kilirudi dukani kilikotoka.

Alasiri ya pili tulifanya kilicho rahisi zaidi, ambacho ingefaa kiwe cha kwanza. Tulibaki na kioo chetu cha zamani na kubadilisha taa peke yake.

Fundi alichomoa mashine ukutani na kutuambia tungoje kabla ya kufungua, kwa sababu ya inveta. Hiyo ni kadi nyembamba inayopokea volti 12 na kuzipandisha hadi mamia ya volti, zikizidi 1,000 wakati wa kuwasha, maana mrija hauwezi kuwaka kwa chini ya hapo. Mkondo wake ni mdogo, lakini mtu asiguse huku umeme ukiwapo. Baada ya hapo alitoa skrubu nne, akainua kioo, akafungua kilango cha pembeni chenye skrubu moja na kuvuta mirija pamoja na kibebeo chake kama mtu anayechomoa kalamu mfukoni. Kwenye vioo vingi vya aina hii ya viwandani taa zimewekwa hivyo makusudi, ili zibadilishwe bila kugusa ndani. Kama isingekuwa hivyo tungelazimika kutenganisha karatasi za kusambazia mwanga, ambazo zikiingia punje moja ya vumbi huionyesha maisha yote, na vumbi la Kariakoo halihitaji mwaliko.

Mirija ilikuwa miwili. Ncha zake zilikuwa nyeusi kama vichwa vya kiberiti vilivyoungua.

Badala yake aliweka vipande viwili vya LED, vile vinavyouzwa vikiwa virefu pamoja na kadi yake ndogo. Kipande hukatwa kwenye alama, kila LED tatu, na cha kwetu kilikatwa kulingana na upana wa kioo, kama sentimita 21. Hapa ndipo palipokuwa na kazi ya mikono. Mrija ni duara na ulikaa kwenye mfereji wake bila wasiwasi. Kipande cha LED ni bapa na kilikuwa kipana kuliko mfereji kwa unene wa kadi ya mwaliko. Fundi alitaka kukilazimisha. Mzee, ambaye hadi wakati huo alikuwa amesimama kimya, alikichukua, akakisugua ukingo kwa msasa laini taratibu, akikipima na kukirudisha, hadi kikaingia kwa kuteleza. Alitumia karibu dakika arobaini. Kisha akauliza LED zielekee wapi, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba mwanga hauendi moja kwa moja kwenye macho bali huingia ubavuni mwa bamba la plastiki angavu linalousambaza nyuma ya kioo chote. Kikiinama hata kidogo, ukingo mmoja ungeng'aa na katikati pangebaki giza. Miwani yake ya kusomea, kwa kazi hiyo, ilifaa sana.

Kadi ya LED ilikuwa na nyaya nne: mbili za umeme, moja ya kuwasha na moja ya kupandisha au kushusha mwanga. Zote nne zilipata wenzake kwenye soketi ya inveta ya zamani, ambayo tuliitoa. Tukawasha. Kioo kikawaka sawia kutoka ukingo hadi ukingo, cheupe, kikiwa na dalili ya ubluu. Ubluu huo una sababu: LED nyeupe kwa asili ni LED ya bluu iliyofunikwa unga wa manjano, na ni hiyo bluu iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kwetu haukudhuru, lakini nawaonya wachapishaji wenzangu juu ya jambo moja. Mteja akiona picha yake ndogo kwenye kioo cha mashine kilichotengenezwa upya atasema rangi imebadilika, na hata mwendeshaji anaweza kushawishika. Kioo cha mashine si mahali pa kuamulia rangi, hakikuwa zamani na hakijawa sasa. Rangi hutazamwa kwenye karatasi iliyochapwa, chini ya mwanga mweupe unaofahamika. Kiwango cha kimataifa cha kazi yetu ni kelvini 5,000, kelvini kikiwa kipimo cha rangi ya mwanga, na asiye na taa hiyo asogee mlangoni, kivulini, mbali na jua la moja kwa moja.

Tulipofunga kila kitu tachi ilikuwa imehama. Ukibonyeza "Trei ya 2" mashine ilisikia "Trei ya 3," kwa kuwa kioo kilirudi kikiwa kimesogea kidogo sana. Kwenye menyu ya mafundi mna sehemu ya kulinganisha, ambapo misalaba midogo huonekana kwenye kona na mwendeshaji huibonyeza mmoja mmoja. Mzee aliibonyeza kwa ukucha wa kidole kidogo, bila boksi, na aliifanya mara mbili ingawa mara moja ilitosha.

Baadaye tulikiacha kioo kikiwaka mfululizo, na kila saa fundi aliweka kiganja nyuma ya kifuniko. Hakikuwa cha moto. Gharama yote, vifaa na ufundi, haikufika bei ya maboksi matatu ya karatasi za A4. Mirija ya zamani hatukuitupa, kwa sababu zebaki, hata ikiwa chembe, haifai kupasukia kwenye pipa la taka na kusafiri na karatasi zetu hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Niliiviringisha kwenye vipeperushi vilivyoharibika, nikaiingiza ndani ya kiini kigumu cha roli la karatasi na kuziba pande zote mbili, na ipo kabatini ikisubiri mkusanyaji wa taka za umeme anayekubali kunionyesha anazipeleka wapi. Kipengele cha kulala tumekirudisha kwenye dakika kumi na tano. Mzee hajakubaliana nacho, lakini amekivumilia.

Limebaki jambo moja ambalo halikukaa sawa. Inveta ya zamani ilikuwa inang'arisha taa volti ya waya wa nne inaposhuka, na kadi mpya ya LED hung'arisha volti inapopanda. Matokeo yake ni kwamba kwenye mipangilio, ukisogeza mwanga kwenda juu kioo hufifia, na ukiusogeza chini hung'aa. Fundi alipiga simu wiki iliyofuata kusema kwamba amepata njia ya kuligeuza, kipande kidogo tu cha kuchomelea, kazi ya nusu saa, bila malipo. Nilimpa Mzee simu waelewane siku. Nilimsikia akimshukuru, akiulizia watoto wake, kisha akimwambia asijisumbue, kwa kuwa ameshaandika maelekezo. Nilikwenda kutazama. Ubavuni mwa kioo alikuwa amebandika kipande cha kadi ya gramu 300, kimoja cha zile 400, na kwa kalamu nene ameandika: *Ukitaka mwanga, shusha.*